Nilimkemea Aliyesema Amechoka

Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu mwaka huu, saa nne za asubuhi, nilikuwa nimesimama kando ya kitanda cha sita katika wodi ya watoto hapa Butembo, mfuko wa damu mkononi, nikitafuta mshipa katika mkono wa mtoto wa miaka mitatu. Naanzia hapo, ndugu zangu, kabla hata ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitapata nafasi ya kujipamba. Sasa nawasalimu: sifa zote ni za Bwana, ambaye hakuniacha nimalize nilichokuwa ninakifanya!

Wengi wenu mnanijua kama Maman Katungu wa kwaya ya akina mama. Wengine mnanijua kwa sababu mliwahi kuniletea mtoto mgonjwa. Nimekuwa muuguzi kwa miaka ishirini na mitatu, na kwa miaka tisa ya mwisho nimekuwa titulaire, yaani muuguzi mkuu wa wodi: ndiye anayepanga zamu, anayeshika ufunguo wa kabati la dawa, anayeongoza ibada ya asubuhi. Nilisomea kazi hii chuoni, nikafaulu, nikarudi kuwafundisha wanafunzi wa mazoezi. Nayasema haya ili mjue kwamba sikukosa kwa kutojua.

Katika hospitali yetu, kama katika nyingi za makanisa huku kwetu, kazi haianzi bila maombi. Saa moja na nusu tunasimama koridoni, waliokesha pamoja na wanaoingia. Tunaimba ubeti mmoja au miwili, mtu anasoma Neno, kisha anayeongoza anauliza: nani ana nia ya maombi? Mmoja ataomba kwa ajili ya mama yake anayeugua huko Kirumba, mwingine kwa ajili ya usalama wa barabara ya Beni, mwingine kwa mtihani wa mtoto wake. Tunaomba, ndipo tunapokabidhiana wagonjwa.

Asubuhi moja mwaka jana, nilipouliza swali hilo, Kavira aliinua mkono. Kavira alikuwa mdogo kwa umri kuliko wauguzi wote wa wodi yangu, mwepesi wa mikono, na ndiye aliyeanzisha nyimbo zetu. Siku hiyo hakuwa ameimba. Alisema katika lugha yetu ya kila siku, na maneno yake nayakumbuka yote:

«Naomba muniombee juu nimechoka. Hapana ugonjwa, ni kuchoka tu. Nikiona mama anaingia na mutoto ku mugongo, moyo yangu inasema: arudie na yeye.»

Watu wote wakanitazama mimi. Ndugu zangu, neno moja tu la huruma lingetosha! Badala yake nilisema: «Kavira, hiyo hapana nia ya maombi. Hiyo ni uvivu, imevaa nguo ya kanisa. Nani mwingine?»

Mtu fulani akaitika «Amina». Mpaka leo sijui alikuwa nani, na sitaki kujua.

Nilidhani ninailinda kazi ya Mungu. Leo naweza kulisema lililokuwa moyoni mwangu: nilikuwa nimechoka kuliko Kavira, nimechoka tangu miaka ya Ebola, tulipovaa plastiki juani na majirani wakavuka barabara wasitusalimu. Nilichoka tena wakimbizi wa vijiji vya upande wa Beni walipoanza kufika, tukalaza watoto wawili wawili kitandani. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Binti huyu, mwenye miaka minne tu kazini, alithubutu kulitamka mbele ya watu. Nilimwonea wivu, na wivu wangu nikauita uaminifu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja uchovu tena katika ibada yetu. Nilifurahi! Nilifikiri nimeiponya wodi.

Miezi minne baadaye Kavira aliondoka. Mchana, wenzake wakiwa wanakula, aliweka juu ya meza yangu koti lake jeupe alilolikunja vizuri, akaenda zake. Kabla yake alikuwa ameondoka muuguzi mmoja aliyemfuata mumewe Kasindi, ambako sasa anauza dawa karibu na forodha. Baada yake aliondoka mwingine, akaenda Beni kwenye mradi mmoja ambako, alisema, zamu ina mwisho. Kila mmoja wao nilimwombea hadharani kama mtu aliyeanguka. «Bwana, warudishe waliotoroka.» Hivyo ndivyo nilivyosema, na waliobaki waliitika huku wakitazama sakafu.

Majina yao sikuyafuta kwenye karatasi ya zamu iliyo ukutani. Niliyaacha, na kila palipokuwa na jina la aliyeondoka, niliingia mimi. Mkaguzi akija aliona karatasi imejaa. Daktari mkurugenzi akipita aliniona nimesimama. Kila mtu akaridhika.

Nanyi mnaotumika katika nyumba za wagonjwa mtanielewa nikieleza uchovu ulichonifanya. Nilianza kuwaita watoto kwa namba za vitanda vyao. Kuna wakati tulipoteza watoto wawili siku moja. Niliandika saa katika daftari, nikanawa mikono, nikauliza kama chai imebaki. Sikulia. Wala sikujizuia kulia, maana hakukuwa na kitu cha kuzuia. Nyumbani, binti yangu wa mwisho aliniambia, akicheka nusu: «Maman, ukinigusa ku kichwa, ni sawa unatafuta homa.» Nikamjibu amalize kuosha vyombo.

Sasa sikieni habari ya damu. Sheria yetu ni kwamba damu haitundikwi na mtu mmoja. Wauguzi wawili wanasoma kwa sauti jina lililo kwenye mfuko na kundi la damu, wanamwuliza mlezi jina la mtoto, kisha wote wawili wanatia sahihi. Lakini wawili hao ningewatoa wapi? Nilisoma peke yangu, tena kimoyomoyo. Nikatia sahihi yangu, na chini yake nikaandika jina la mwenzangu yeyote aliyekuwa zamu upande mwingine wa jengo. Mwanzoni niliwaomba ruhusa. Baadaye sikuomba tena.

Jumanne ile, damu ya kundi B ilitoka maabara kwa ajili ya msichana aitwaye Esther, ambaye malaria ilikuwa imemmaliza damu. Katika daftari, Esther alikuwa wa kitanda cha sita. Nilichokuwa sijui ni hiki: kitanda cha sita kiko chini ya dirisha lisilo na kioo, na asubuhi hiyo baridi ya Butembo ilikuwa kali. Bibi mmoja, mkimbizi aliyekuwa akimlinda mjukuu wake kitanda cha pili, alimwona Esther anatetemeka. Akamwambia mama yake Esther wabadilishane nafasi. Walezi wetu hufanya hivyo bila kutuuliza, na kila muuguzi anajua kwamba wanafanya hivyo. Ndiyo maana tunauliza majina!

Kwa hiyo mtoto niliyemshika mkono alikuwa mvulana wa kundi O, aliyekwisha kupona, aliyekuwa arudi nyumbani kesho yake.

Bibi akaniuliza: «Maman muganga, hiyo damu ni ya nani?»

«Ni ya mutoto wako, koko. Acha nitumike.»

«Huyu? Lakini daktari alisema kesho tunarudia.»

«Koko, muganga ni mimi ao ni weye?»

Bibi yule hakubishana. Aliufunika mkono wa mjukuu wake kwa kiganja chake, pale pale nilipokuwa nimepaka spiriti, akasema kwa upole: «Ni weye. Lakini jina yake ni nani?»

Sikulijua. Ndugu zangu, sikulijua jina la mtoto ambaye sindano yangu ilikuwa karibu kumwingia! Nikageuza mfuko, nikasoma: Esther. Nikainua macho, nikamwona Esther vitanda vinne mbali nami, amefunikwa kitenge cha bibi huyo huyo.

Mlio wauguzi mnajua damu ile ingemfanya nini mvulana yule. Kwa wengine nitasema tu kwamba asingefika jioni.

Nilimwita Kasereka, muuguzi aliyekuwa zamu upande mwingine wa jengo. Tukausoma mfuko pamoja kwa sauti, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, tukamtundikia Esther damu yake. Bibi alidhani nilikosea njia tu kati ya vitanda. Alinicheka kidogo, akanishukuru kwa Kinande, «wasingya», kana kwamba mimi ndiye niliyemsaidia. Kasereka hakuniuliza lolote. Hakuna aliyejua. Na mimi, nawaambia kweli, niliamua hakuna atakayejua.

Siku mbili nilikaa na uamuzi huo. Nilijiambia kwamba mtoto ni mzima, kwamba nikisema nitafukuzwa, kwamba nikifukuzwa wodi itakufa. Mwaka uliopita nilikuwa nimewaita wenzangu watoro, na sasa nilikuwa nikipanga kwenda kwa daktari mkurugenzi kumwambia nimepata kazi pengine, nisiondoke kwa aibu. Niliomba, na maombi yangu yalikuwa kama ya mtu anayepiga simu akiwa ameziba kinywa.

Alhamisi niliongoza ibada kama kawaida. Tuliimba, tukasoma, nikauliza: «Nani ana nia ya maombi?»

Kimya. Nikatazama nyuso kumi na moja. Kasereka alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu. Maman Masika wa usafi alishika ufagio wake kama fimbo ya kutembelea. Mwanafunzi mmoja alikuwa anasinzia amesimama. Na wote wakajibu, mmoja baada ya mwingine, kama watu waliofundishwa: «Tuko muzima, maman. Tuko muzima.»

Hapo ndipo Bwana aliponishika! Nilielewa kwamba kimya kile nilikitengeneza mimi. Niliwazoeza watu hawa kusema uongo mbele za Mungu kila asubuhi, saa moja na nusu, kabla ya kuwagusa wagonjwa.

Nikasema: «Mimi niko na nia. Nimechoka. Na juzi nilitaka kumuua mutoto.»

Nikaeleza yote, pamoja na sahihi. Nilipomaliza, nilisubiri mtu anikemee kama nilivyomkemea Kavira. Wa kwanza kusema alikuwa Kasereka, ambaye hata kwenye matanga hukosa adabu:

«Maman, siye tulifikiri weye ni jenereta. Kumbe nawe mafuta inaisha!»

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, huku machozi yakinitoka. Kisha Kasereka akaacha kucheka, akatazama mikono yake, akasema: «Mimi pia ninatiaka sahihi mbili. Tangu Kavira aende.»

Maman Masika akasema: «Mimi nilijua. Unapitaka ndani ya maji nimetoka kupangusa, ninakuita, hausikie. Nilisema: huyu hayuko hapa, ni koti tu inatembea.»

Na wengine wakaanza kusema. Hatukumaliza maombi kwa wakati asubuhi ile. Tulikabidhiana wagonjwa tumechelewa, lakini kila mtoto alitajwa kwa jina lake.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa daktari mkurugenzi. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama, kwa sababu nilidhani atanitoa nje. Alivua miwani.

«Maman, itaandikwa. Tena leo,» alisema. «Halafu utaenda congé, upumzike juma mbili.»

«Na wodi, docteur?»

«Tukishindwa tutapunguza vitanda. Nilikuwa niombe ile tangu mwaka jana. Lakini kila nikipita ninakuona umesimama, ninasema: kama maman anasimama, basi inawezekana.»

Maneno hayo yaliniumiza kuliko adhabu yoyote. Karatasi yangu iliyojaa majina ilikuwa imemdanganya hata mtu aliyetaka kutusaidia.

Barabara ilipotulia nilikwenda Beni kwa yaya wangu, dada yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi ambaye hapendi maneno mengi. Alinionyesha kitanda, akafunga pazia. Nililala siku tatu, nikiamka kula tu. Jumapili nilipotaka kuvaa kwenda ibadani, nikayumba mlangoni. Yaya akanirudisha kitandani. «Lala. Mungu anajua adresi ya hapa.»

Mtanisamehe, lakini wokovu wangu haukuja kwa kishindo. Siku ya sita au ya saba, asubuhi, mtoto wa jirani alianguka uani akaanza kulia. Kilio cha kawaida, cha goti lililochubuka. Nilikuwa nimeketi nachambua maharage, nikagundua kwamba ninamwonea huruma. Ndugu zangu, huruma! Sikumbuki ni miaka mingapi ilikuwa imepita tangu niisikie. Nilizoea kuhudumia bila hiyo, kama mtu anayepika bila kuonja. Niliweka sahani chini, nikalia kwa ajili ya goti la mtoto nisiyemjua. Kisha nikalia kwa ajili ya wale wawili ambao saa yao niliiandika nikaulizia chai. Niliwataja kwa majina. Niliyakumbuka, kumbe yalikuwamo. Yaya alikuja, akatazama, akaendelea kuchambua maharage badala yangu.

Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Nilikuwa nimemwomba nguvu kwa miaka, na kila aliponipa usingizi niliukataa, nikaita jaribu.

Sitawadanganya kwamba mambo yamekuwa mepesi. Bado nimechoka, hata sasa ninaposema nanyi miguu inauma. Majina ya walioondoka nimeyafuta ukutani, na nafasi zao zinaonekana tupu, kila mkaguzi azione. Vitanda vinne vimeondolewa. Pasipo wauguzi wawili damu inasubiri, na tunamwita mtu wa wodi ya wazazi aje kusoma nasi. Asubuhi, kabla ya kuuliza habari za wagonjwa, tunaulizana kila mmoja kama amelala, na asiyelala hagusi dawa kali siku hiyo. Mwezi uliopita Kasereka naye alituaga. Amepata kazi karibu na wazazi wake. Iliniuma! Lakini safari hii tulimwekea mikono, tukamwimbia, Maman Masika akampa kuku, naye akauliza kama kuku huyo amelala vizuri. Aliondoka anacheka, na alituaga mmoja mmoja. Watu waondoke hivyo kwetu, ikiwa ni lazima waondoke.

Namshukuru Bwana kwa ajili ya kiganja cha bibi yule. Namshukuru kwa mvulana ambaye jina lake sasa nalijua, Mumbere, aliyerudi nyumbani Jumatano akiwa mgongoni mwa bibi yake. Nanyi mlioketi hapa mkiwa mmechoka, walimu, mama wa nyumbani, askari, wachungaji pia: mwambieni Mungu, tena mwambieni kwa sauti, mbele ya mtu. Hatawaita wavivu. Aliyewaita wavivu alikuwa mimi, na nimetubu. Mtumainini! Anaipokea hata nia ya maombi isiyo na nguvu ya kusimama.

Limebaki jambo moja. Majuma matano baada ya siku ile ya damu nilimwandikia Kavira, ambaye sasa anatumika katika kituo cha afya upande wa Mabalako. Ameniruhusu niwasomee barua hiyo kwa sharti moja: nisiseme kwamba amerudi, kwa sababu hajarudi. Basi naisoma kama nilivyoituma.

«Butembo, Jumanne.

Mpendwa Kavira,

Ni mimi, Katungu. Ukitaka kuichana barua hii kabla ya kuimaliza, toa kwanza karatasi ya pili iliyo ndani ya bahasha, kwa sababu hiyo ni yako.

Ulisema umechoka, nami nikakuita mvivu mbele ya watu. Ulikuwa unasema kweli na mimi nilikuwa nasema uongo. Nimeyaeleza haya katika ibada, mbele ya waliobaki kati ya waliokuwapo siku ile, na wengine ambao hawakuwapo. Nimewaambia pia kwamba hukutoroka. Naomba unisamehe. Usipoweza sasa, nitaelewa.

Karatasi ya pili ni hati yako ya huduma, miaka minne, imeandikwa kila ulichojua kufanya, na ni mengi. Kabla ya kuondoka ulikuja kuniomba mara tatu, na mara tatu nilikuambia muhuri haupo. Muhuri ulikuwa mfukoni mwa koti langu. Nilitaka usiweze kupata kazi pengine. Sikuwahi kumwambia mtu jambo hili. Wewe ni wa kwanza.

Sikuombi urudi. Nafasi yako ipo, nami nimeiacha wazi ili ionekane, lakini si kamba ya kukuvuta.

Nasikia hapo kituoni mko wawili tu. Mwenzako akikuambia amechoka, mwamini. Na kama barua hii imekukuta umetoka zamu, usinijibu leo. Lala kwanza.

Katungu.»